Barua ya Wazi kwa Mamlaka Husika

Mamlaka Husika,
S.L.P. (namba itatajwa baadaye),
Dodoma, Dar es Salaam, au popote ulipo.

YAH: KOMPYUTA MPAKATO ILIYOKUFA NA RISITI ILIYO HAI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza pokea pongezi. Hakuna chombo cha umma kinachotajwa nchini kama wewe. Daraja likikatika, unaombwa wewe. Mbwa wakizidi mtaani, wewe. Sukari ikipanda bei, mwenyekiti anashika kipaza sauti na kuzitaka mamlaka husika ziingilie kati. Nami nilipoambiwa dirishani kwamba suala langu liko chini ya mamlaka husika, nikaona nisiendelee kuzunguka, nikuandikie mwenyewe. Nakuandikia hadharani kwa sababu anwani yako hakuna aliyekuwa nayo.

Suala lenyewe ni dogo. Nilinunua kompyuta mpakato ya mtumba Kariakoo. Duka silitaji, kwani nikilitaja utadhani tatizo ni duka.

Nilipokelewa na winga. Huenda hujawahi kukutana naye, maana wewe hutembei kwa miguu. Winga hana duka wala bidhaa, lakini maduka yote anayajua na yote yanamjua. Anakudaka kwenye kona, anakufikisha kaunta, na mgawo wake umeshaingia kwenye bei kabla hujakaa. "Bosi wangu, hii si ya kupitia Dubai," aliniambia huku akiifungua kwa vidole viwili. "Hii ya Ujerumani moja kwa moja. Ilikuwa ya ofisini, mzungu alikuwa anaandikia barua tu." Huo ndio wasifu wa kila kompyuta ya mtumba hapa nchini: iliishi na mzungu mpole, haikuchezewa gemu, haikumwagikiwa chai, ikastaafu ingali na nguvu zake.

Kwa habari ya Ujerumani, hakudanganya. Kibodi ya Mjerumani huweka Z pale tulipozoea Y, na Y pale pa Z. Mwenye duka alikuwa ameliona hilo na kulitatua kwa stika, nyeusi zenye herufi nyeupe, moja juu ya kila kitufe. Ndani ya mashine hakugusa kitu. Nikaandika Zanzibar, ikatoka Yanyibar. "Hiyo ni mipangilio tu, bosi," winga akasema kwa upole, kama daktari, na kweli ilikuwa mipangilio tu. Kijana wa kaunta aliirekebisha papo hapo. Stika nazo zilidumu mpaka joto la Dar lilipoanza kula gundi. Zikaanza kuhama moja moja, na chini ya Y yangu ikachungulia Z ya Mjerumani.

"Ikague mwenyewe, bosi, kesho usije ukasema." Nikaikagua. Kioo hakikuwa na doa, kamera iliniona, spika ziliimba, chaji iliingia. Niliandika hata ile amri ya kutoa ripoti ya betri, powercfg /batteryreport, ambayo nakusihi na wewe uijue, kwa kuwa huanika uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo iliobaki nao leo. Yangu ilikuwa imebakiza chini ya nusu. Nilipoonyesha, bei ilishuka. Wajuzi wa kompyuta watasema nilifanya vizuri, na nakubaliana nao. Kilichokuwa kimekufa hakimo kwenye ripoti yoyote.

Hapo naomba usimame kidogo, kwa sababu pana sheria. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ambayo mizizi yake ni sheria ya Waingereza ya mwaka 1893, inamtaka mtu anayefanya biashara ya kitu fulani akiuze kikiwa na ubora wa kuuzika. Ila mnunuzi akishakikagua, hana haki ya kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua. Winga wangu hajasoma sheria hata siku moja, lakini kifungu hicho anakiishi: ndiyo maana haachi kukuambia ukague. Wabunge wa London wa mwaka 1893 nadhani walikuwa na farasi akilini. Farasi unamfungua mdomo, unahesabu meno. Mazabodi ya kompyuta haina mdomo, na ukiifungua pale kaunta unaambiwa umevunja waranti.

Waranti ilikuwepo, usidhani niliuziwa gizani. Ilikuwa ya mdomo, ya wiki moja, "ya kujaribia". Nikajaribia. Mashine ilifanya kazi kwa adabu wiki nzima, ikaniongezea siku kidogo za hisani, kisha alasiri moja kioo kikazima huku feni ikinguruma kama kawaida. Taa ya chaji inawaka, kitufe kinaitika, picha hakuna.

Fundi wangu ana meza chini ya ngazi ya jengo, taa moja yenye shingo ndefu, na kikopo cha skrubu ambazo hakuna anayejua zilikotoka. Aliigeuza mashine na kuonyesha kwa bisibisi: matundu mengi ya skrubu yalikuwa matupu. Alipoinua kifuniko hakuhitaji kipimo. Kuzunguka chipu ya picha palikuwa na utando wa njano uliokauka, na plastiki ya jirani ilikuwa imejikunja ukingoni. Akainusa. "Kaka, hii imeshapigwa hita."

Akanifafanulia, nami nakufafanulia wewe, kwa sababu ndipo ilipo biashara yote. Chipu ile imeketi juu ya vipira vidogo vya bati. Miaka ya kupata joto na kupoa hulegeza viungio, picha inapotea. Mtu mwenye mashine ya hewa ya moto huipuliza kwa zaidi ya nyuzi 200, viungio vinagusana tena, na maiti anafumbua macho. Siku hiyo ukiipeleka kaunta, inapita kila ukaguzi: kioo safi, kamera inaona, spika zinaimba. Itaishi wiki kadhaa, ikijaaliwa miezi, halafu itapata joto na kurudi ilikotoka. Nilipoyasikia hayo niliwaheshimu sana wenye duka. Wiki moja ya waranti haikutungwa kwa kubahatisha.

Sasa nije kwenye risiti, ambayo kwa kweli ndiyo iliyonifanya nikuandikie.

Kabla ya kulipa niliulizwa lile swali la Kariakoo: "Ya risiti au bila risiti?" Mimi ni mtoto wa "ukinunua dai risiti, ukiuza toa risiti". Tumeimbiwa redioni, tumebandikiwa ukutani, na tumeonywa kwamba kutoka dukani mikono mitupu ni kosa lenye faini. Nikasema ya risiti. Bei ikapanda. Mashine ya kielektroniki ikakoroma, ikatema karatasi. Ni karatasi nzuri. Juu inajitangaza kuwa ni risiti halali, chini inarudia. Katikati kuna jina la duka, namba ya mlipakodi, tarehe, saa mpaka sekunde, na alama ya kuskani ili serikali ithibitishe kwamba haikuibiwa. Na nilichonunua kimeandikwa hivi: BIDHAA x 1. Mgongoni, kwa wino wa buluu, pamegongwa muhuri wa mpira: BIDHAA IKISHAUZWA HAIRUDISHWI.

Niliporudi dukani, winga hakuonekana. Kijana wa kaunta aliisoma risiti, akaniuliza kama mashine imefunguliwa na fundi. Nikasema ndiyo, tungejuaje? Akaugeuza mgongo wa karatasi, akauelekeza kwangu, akahudumia mteja aliyefuata.

Nikaenda dirishani, ofisi moja ya umma ambayo nayo siitaji. Ofisa alikuwa mstaarabu, alinipa kiti. Aliisoma risiti mbele na nyuma.

"Ndugu, hapa kompyuta iko wapi?"

"Ndiyo hiyo bidhaa."

"Bidhaa gani?"

Nikainyanyua kutoka kwenye begi. Akaitazama kwa huruma. Akasema hiyo inaweza kuwa imenunuliwa popote, karatasi haina namba ya utambulisho wa mashine, haisemi hata kama ni kompyuta au ni pasi. Na hapo ndipo jina lako lilipotajwa kwa mara ya kwanza.

Nimekaa na risiti ile nikaitafakari. Inajua nililipa saa ngapi. Inajua kodi yako ni shilingi ngapi na senti zake. Kitu pekee isichokijua ni kile nilichokinunua. Imechapwa kwenye ile karatasi ya joto ambayo maandishi yake hufifia yenyewe, kwa hiyo baada ya muda itasahau na mengine. Wino wa muhuri ndio pekee utakaosalia.

Usiniambie sheria mpya haipo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ina sehemu nzima inayokataza kumpotosha mlaji, na nyingine kuhusu masharti yanayohesabika kuwa yamo ndani ya mkataba wa mlaji hata kama hakuna aliyeyaandika. Bunge lilikaa, likajadili, likapitisha. Halafu muhuri wa mpira, unaochongwa mtaa wa pili ukisubiri, ukaigongea mgongoni. Na umegongwa kwenye karatasi yako, Ndugu Mamlaka, karatasi uliyonilazimisha niichukue.

Wala usiseme huna uwezo. Juni 2016 simu feki zilizimwa nchi nzima; watu walibonyeza *#06#, wakasoma namba zao, wenye bahati mbaya wakaamka na matofali mkononi. Gari la mtumba linakaguliwa breki kabla halijapewa barabara. Hata nguo za ndani za mtumba zimepigwa marufuku, na sote tunashukuru kwamba kuna mtu amekaa ofisini akalifikiria jambo hilo mpaka mwisho. Kompyuta peke yake ndiyo iliyoachwa ijitetee. Yangu, kwa kukurahisishia kazi, imejizima yenyewe.

Tena kuna jambo la heshima ya taifa. Mkataba wa Basel wa mwaka 1989 unasimamia taka hatari zinazovuka mipaka, na kuanzia Januari 2025 taka zote za kielektroniki hazitakiwi kuvuka bila nchi inayozipokea kuarifiwa na kuridhia. Tuna pia Mkataba wa Bamako wa mwaka 1991, unaokataza taka hatari kuingizwa Afrika. Mashine inayofanya kazi ni bidhaa. Iliyokufa ni taka. Sasa yangu ni ipi? Kaunta ilikuwa bidhaa, mezani kwa fundi ikawa taka, na kama hita ilipigwa upande huu wa bahari au ule, hakuna anayejua. Kwa upande wa chini ingali na kibandiko cha manispaa ya Kijerumani chenye namba ya mali. Huko inajulikana kwa namba. Huku ni BIDHAA x 1.

Na mzigo unaongezeka. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha uangalizi wa Windows 10, na Windows 11 kwa kanuni zake haizipokei prosesa nyingi za Intel zilizotangulia kizazi cha 8. Ofisi za Ulaya zina makabati ya mashine ambazo hazina ugonjwa wowote isipokuwa umri. Nyingi kati ya hizo ni nzuri kweli. Mwanafunzi wa chuo ataandikia tasnifu nzima na kubakiza. Mimi si adui wa mtumba. Bila mtumba nusu yetu tungekuwa tunaandika kwa kalamu. Ila zile nzuri na zile zilizopigwa hita zitapangwa kaunta moja, zitafutwa vumbi kwa kitambaa kimoja, na wasifu wao utakuwa mmoja: mzungu, ofisi, barua.

Ninachoomba si kikubwa. Agiza risiti iandike jina la kitu na namba ya utambulisho wake, kama unavyoandika ya gari. Agiza muhuri ule usigongwe kwenye karatasi inayobeba kodi yako. Kwa waranti, weka muda unaozidi uhai wa bati lililopulizwa. Mafundi watakwambia ni muda gani, wala hawatadai posho ya kikao.

Ikiwa hayo ni mazito, basi nitendee haki kwa njia nyingine. Kama muhuri wa mpira una nguvu ya kutengua sheria ya Bunge, nipe kibali nichonge wa kwangu. Nitaugonga kwenye ankara ya maji, kwenye bili ya umeme na kwenye makadirio ya kodi: FEDHA IKISHAPATIKANA HAITOLEWI.

Na wewe msomaji unayepita katikati ya barua hii, ukienda kununua, igeuze mashine juu chini, isome namba yake ya utambulisho, umtake muuzaji aiandike kwa mkono kwenye risiti pamoja na muda wa waranti, atie saini. Akikataa, nenda duka linalofuata.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mmiliki halali wa Bidhaa x 1,
Dar es Salaam.