Mawese kwenye kabureta

Jumamosi iliyopita, alfajiri, kwenye njia ya Kasapa hapa Lubumbashi, mama mkwe wangu alisukumwa na wauza makala (mkaa). Hakushuka. Alikaa wima kwenye kiti cha kushoto cha MGB yangu ya mwaka 1965, gari lenye paa la turubai lililokunjwa, kitenge amejifunga hadi masikioni kwa baridi ya Julai, macho mbele, kama gavana anayekagua gwaride.

Mambo ya ukwe mnayajua. Mkwe mume hali sahani moja na mama mkwe, hamgusi, na akimwona njiani anatafuta kichochoro. Waingereza walioanza kuunda gari hili pale Abingdon mwaka 1962 hilo hawakuliwaza: viti viwili, bega kwa bega, nyuma hakuna pa kukimbilia. Tulikuwa tunaenda matanga, teksi hazijaonekana, mke wangu akaamua. Gari lilipozimika, hesabu ikawa ngumu. Mmoja ashike usukani, mwingine asukume. Kumwambia mama asukume ni faini ya mbuzi. Kumwomba ashike usukani sijui ni faini ya nini, maana hakuna mzee aliyewahi kulifikiria kosa hilo.

Ndipo wakafika vijana wa makala, waliotoka porini usiku, magunia kwenye baiskeli zao yamewazidi kimo. Mmoja akaegemeza yake kwenye mti.

"Jambo yenu, mama," akasema kwa adabu. Kisha akanigeukia. "Papa, hii mutuka iko na malaria?"

Haikuwa malaria. Ilikuwa mawese, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu kabureta ya SU ni kitu kizuri mno kukipita mbio. Kabureta za kawaida zina vitundu vingi, kila kimoja na kazi yake. Hii ina kimoja tu. Juu ya njia ya hewa imekaa pistoni, na chini ya pistoni inaning'inia sindano iliyochongoka, imezama ndani ya kitundu cha petroli. Injini ikivuta hewa nyingi, pistoni inapanda yenyewe, sindano inapanda nayo, na kwa kuwa ni nyembamba nchani, petroli inapita zaidi. Ikivuta kidogo, vyote vinashuka. Hakuna anayeiamuru, inajipimia. Aliyeibuni mwanzoni mwa karne ya 20 ni George Herbert Skinner, wa ukoo wa wenye biashara ya viatu London, na zile za kwanza hazikuwa na pistoni bali mfuko wa ngozi uliopanda na kushuka. Fundi wa ngozi angeilewa kabla ya mhandisi.

Sasa, ukikanyaga ghafla, pistoni ingeruka juu na injini ikapaliwa na hewa. Kwa hiyo katikati yake kuna kikombe chenye mafuta mepesi ya injini, vijiko viwili hivi, ya kuichelewesha kidogo. Kidogo! Mekano wangu, fundi wa mtaa wa Kalebuka, alikuta vikombe vya kabureta zote mbili vikavu, na kando yake kulikuwa na chupa ya mawese ya mkewe. Mafuta ni mafuta. Akavijaza, na katika joto la Machi hakuna aliyejua. Lakini Lubumbashi ya Julai alfajiri hushuka chini ya nyuzi 10, na mawese huanza kuganda hata kabla ya kufika 30. Injini iliwaka vizuri, ikaunguruma nyumbani, ikafika njia ya Kasapa. Nilipokanyaga, pistoni zikabaki chini zimeshikwa na mafuta ya kupikia sombe.

Vijana walisukuma bure. Mekano alipofika, jua lilikuwa limepanda na mawese yameyeyuka. Akawasha. Likaimba.

"Mutuka iko muzima, papa. Njo weye haujue kuiongoza."

Alisema hivyo mbele ya mama mkwe, ambaye kwa mara ya kwanza asubuhi ile alitikisa kichwa kukubali.

Matatizo mengine ya gari ni madogo. Fundi wa redio aliiunguza redio, kwa kuwa MGB za miaka ile bodi zake zimeungwa kwenye chanya ya betri. Paa la turubai lilivuja ndani peke yake.

Kilichobaki ni nyaya, na hapa kicheko kinanikauka. Kongo leo ni ya pili duniani kwa kutoa shaba, baada ya Chile. Mji huu ulizaliwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na mwaka uliofuata kampuni ya Union Minière ikaanza kuiyeyusha hapa. Sisi wa Annexe malori yenye mabamba ya shaba yanatupita kuelekea mpaka wa Kasumbalesa, vumbi lake tunalila. Waya wa taa lakini unarudi kwa barabara ileile, kutoka China, na unalipiwa dola. Niliukwangua kwa kisu pale dukani. Ndani ni aluminiamu. Shaba wameipaka juu tu.

Nikamwonyesha muuzaji. Akaniuliza kama nataka mita tano au kumi.