Thibitisha Kwamba Utarudi

Nina miaka 18 nafundisha jiografia sekondari, na kila mwaka nauchora mto Rhine ubaoni bila kupepesa macho: unaanzia milima ya Alps kule Uswisi, unapita mpakani mwa Ufaransa na Ujerumani, unaingia Bahari ya Kaskazini kupitia Uholanzi. Mwaka 2024 kijana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, umewahi kuuona?" Darasa likacheka kabla sijafungua mdomo. Siku ile nikaapa.

Kuapa hakuhitaji picha mbili za pasipoti. Viza ya Schengen inahitaji.

Pasipoti ninayo, nikajisemea. Ilikuwa kabatini chini ya mashuka, inanukia nafthalini, na ndani yake ina mihuri ya Tunduma, nilipovuka kwenda kwenye harusi ya binamu. Inaisha Januari 2025. Mimi nasafiri Novemba mwanzoni. Dada wa dirishani, kwenye ofisi ya viza, akaifungua, akaifunga. "Baba, hii haifai. Inatakiwa iwe hai miezi 3 baada ya siku utakayotoka kule." Nikamwonyesha tarehe kwa kidole, nikidhani hakuiona. Aliiona. Nikarudi Uhamiaji na shilingi 150,000, nikiwa na majonzi ya mtu anayenunua kiatu kipya ilhali cha zamani hakijatoboka.

Picha nazo zikagoma. Fundi wangu wa picha hapa mtaani amezoea pasipoti zetu, kwa hiyo alinipiga na kitambaa cha buluu nyuma, kisha kwa wema wake akaning'arisha uso kwenye kompyuta hadi mke wangu akauliza huyu ni nani. Watu wa viza wanataka milimita 35 kwa 45, nyuma kwa rangi hafifu, na uso wako mwenyewe.

Lakini hayo yalikuwa makombo. Chakula chenyewe ni kwamba wale watu wana swali moja tu, wanalizungusha kwenye karatasi ishirini: utarudi? Barua ya mwajiri iseme nimepewa likizo na kazi yangu inanisubiri. Tiketi iwe ya kwenda na kurudi. Cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, hati ya kiwanja. Hata bima ya safari, isiyopungua euro 30,000, lazima igharamie matibabu ya dharura na kunirudisha nyumbani nikiwa mgonjwa au maiti. Mke wangu alisoma kipengele hicho mara mbili. "Kwa hiyo hata ukifa, unarudi," akasema. "Hawa wanakutaka nyumbani kuliko mimi."

Ni yeye aliyenituma kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ingawa hakuna aliyeiomba barua yake. Mwenyekiti aliifurahia kazi ile. Aliandika kwamba mimi ni mkazi mwema, sina deni la taka, nahudhuria misiba, "na kwa jinsi ninavyomfahamu hawezi kukaa mbali na ugali zaidi ya wiki mbili." Akagonga mhuri mara tatu ili Ulaya waelewe.

Ikabaki benki. Wanataka taarifa ya akaunti ya miezi 3, na akaunti yangu ya mshahara ni kama kituo cha daladala: fedha inashuka, haikai. Shemeji akajitolea kuniazima milioni sita zilale humo kwa muda. Tangu siku hiyo akawa anapiga simu kila jioni. "Zinaendeleaje?" Utadhani amelaza mgonjwa Muhimbili. Nilipokwenda kuchapisha taarifa, kijana wa benki, mwanafunzi wangu wa zamani, akaipitia na kuinamisha kichwa. "Mwalimu, usinielewe vibaya. Hii milioni sita ni kama mgeni msibani anayelia kuliko wafiwa." Nikamrudishia shemeji mali yake siku hiyo hiyo, nikaambatisha akiba yangu ya SACCOS, ndogo lakini yenye umri.

Siku ya kuwasilisha nikalipa euro 90 (Juni mwaka huo zilikuwa zimetoka 80, kijana wa dawati la nyuma angeuliza mapema ningeokoa kumi), nikapelekwa kwenye mashine ya alama za vidole. Mashine ikanikana. Chaki ya miaka 18 imenilamba vidole. "Sugua, mzee." Nikasugua kwenye suruali. "Bonyeza." Nikabonyeza kwa nguvu ya mtu anayefunga begi lililojaa. Katika kungoja nikamsimulia dada yule kwamba Schengen ni kijiji cha Luxembourg kando ya mto Moselle, kwamba mkataba wenye jina hilo ulitiwa saini ndani ya meli mtoni mwaka 1985, na kwamba Moselle wenyewe unamwaga maji yake Rhine. "Kidole gumba cha kushoto," akajibu.

Viza ilitoka. Siku 10.

Paris, afisa wa mpakani aliuliza nakaa siku ngapi. Nikasema nane, nikaanza kufungua faili langu, zito kama tofali. Alikwisha gonga mhuri, anamwita wa nyuma yangu. Siku ya tatu nikapanda treni hadi Strasbourg, nikasimama kwenye daraja la waenda kwa miguu, Rhine chini yangu, wa kijivu, unakwenda bila haraka na meli ya mizigo mgongoni. Nilipiga picha 41. Kisha nikatembea hadi ng'ambo, mji wa Kehl, Ujerumani, faili kwapani kwa tahadhari. Hakuna aliyeniuliza hata jina. Nikanunua mkate, nikarudi Ufaransa nikiutafuna.

Nilirejea Dar es Salaam siku ile ile iliyoandikwa kwenye tiketi. Jioni nilikutana na mwenyekiti akitoka dukani. Alisimama, akaniangalia, akaangalia nyuma yangu kana kwamba kuna mwingine anakuja.

"Mwalimu," akasema, "barua yote ile niliyokuandikia, na bado umerudi?"