Mzee Yupo Tu

Mtumishi wa umma anaweza kustaafu kwa hiari akifikisha miaka 55, na akifika 60 anastaafu atake asitake. Habari ya kupumzika sheria haikuigusa, na mtaa wetu hapa Tanga umeitumia vizuri nafasi hiyo.

Fundi bomba akichelewa kwa jirani, funguo huletwa kwangu: "Mzee yupo tu." Harusi ikitajwa, mwenyekiti wa kamati ni mimi, kwa kuwa nipo tu. Miaka yote niliyokaa ofisini hakuna aliyewahi kusema nipo tu, ingawa mchana mwingine ndivyo nilivyokuwa.

Kisha wakaja washauri. Kiinua mgongo kina harufu. Hujamaliza kukihesabu, shemeji ameshabisha hodi. Wote walikuwa na dawa moja: kuku wa nyama. "Shemeji, hiyo kazi ya kupumzikia." Basi nikapumzika. Siku ya 7 chanjo ya kideri, ya 14 gumboro, taa iwake usiku kucha wale, wanenepe, wauzwe wiki ya tano au ya sita. Umeme ukikatika saa nane usiku, mstaafu huyo, mbio na jiko la mkaa, msuli nimeushika kwa mkono mmoja. Vifaranga wakipata baridi hujirundika pembeni, wa chini wakafa kwa kukosa hewa, kwa hiyo huwashi jiko ukarudi kulala. Unakaa hapohapo ukiwatawanya kwa ufagio mpaka adhana ya alfajiri. Mama Zuhura alichungulia mlangoni, akaniuliza kama aniletee mto.

Nilipouza kundi lile sikuagiza jingine. Siku hizi jioni naenda barazani. Kahawa chungu, kashata, na bao: mashimo 32, kete 64, na mzee akishika zamu anaweza kufikiri mpaka kahawa ikapoa na mtu asimhimize. Nimewapata wenzangu, watu ambao nao wapo tu.

Juzi mmoja wao akaja na wazo. Baraza letu lisajiliwe liwe kikundi, tuwe na katiba, ada na katibu. Macho yote yakanigeukia mimi niliyewahi kushika faili. Nikasema nina vifaranga wachanga, sina nafasi. Wakamtuma mjukuu wa mtu akahakikishe nyumbani.

Mama Zuhura, Mungu amjaalie, alimwambia wana siku tatu tu, na mmoja anaumwa.