Mpangaji Asiyelipa Kodi

Jamani, mimi nilidhani nyumbani kwangu mvivu ni mmoja tu, na pale dukani kwa Mangi wote wanamjua kwa jina. Kumbe yupo mwingine. Anaishi ndani ya kichwa changu, chumba cha kulia, na kodi halipi!

Habari hizi kaniletea mpwa wangu anayesomea udaktari. Hawa watoto wa chuo wakija likizo hawaji kukusalimia, wanakuja kukufanyia mtihani. Tena mbele za watu, hapo hapo kwa Mangi. "Mjomba, kodolea macho hiki kidoti. Usichungulie pembeni." Nikakodoa. Akawa anawasha maneno kwenye laptopu, mara kulia kwa kidoti, mara kushoto. Yanawaka, yanazima, hata kope sijapepesa. Ya kulia nikayapatia: chai, mama, kiatu. Ya kushoto nikaanza kubabaika. Neno refu ndiyo usiseme. Limekuja "mwenyekiti", mimi nikasoma "mwenye deni". Mangi kacheka mpaka kamwaga sukari ya watu.

Nikajitetea: jicho la kushoto lina ukungu. Nikalifumba, nione watanifanya nini. Dogo akanionea huruma. "Mjomba, siyo jicho. Kila jicho linaona pande zote mbili. Kilicho kulia kwako kinapelekwa nusu ya kushoto ya ubongo, kilicho kushoto kinapelekwa nusu ya kulia." Yaani mambo yanapishana humo ndani na mwenye kichwa sijaambiwa!

Sasa sikia. Kwa watu wengi, msomaji anakaa nusu ya kushoto. Kuna kieneo kidogo huko nyuma kwa chini, kazi yake kutambua maneno yaliyoandikwa. Neno likiangukia nusu ya kulia, lazima livuke daraja la nyuzi kama milioni 200 kumfuata msomaji. Linafika limechelewa. Yule wa kulia akiachiwa asome mwenyewe anasota na herufi, na neno likirefuka naye anazidi kuchelewa. Na chapati zangu anakula!

Nikauliza, sasa huyu tunamfuga wa nini? Naambiwa fundi wa sura za watu. Halafu naambiwa kusoma nako kuna gharama zake. Mfaransa mmoja, Stanislas Dehaene, na wenzake walilinganisha watu wa Brazil na Ureno, waliosoma na wasiosoma, wakatoa matokeo mwaka 2010. Ukijua kusoma, kile kieneo cha kushoto kinapunguza kidogo kushughulika na sura. Nikafurahi! Nikakimbilia nyumbani kumweleza mke wangu kitaalamu kwa nini nilimpita mama yake sokoni bila shikamoo. Shule ndiyo iliyoniponza. Akaniuliza, "Shule ipi uliyosoma wewe?"

Nikarudi kwa Mangi. Dogo bado anatoa somo. Anasema Marekani kulikuwa na wagonjwa wa kifafa waliokatwa lile daraja ili kifafa kitulie. Roger Sperry akawapima, kazi iliyompatia Nobel mwaka 1981. Mgonjwa akioneshwa neno upande wa kushoto, anakwambia hajaona kitu. Lakini mkono wake wa kushoto unapapasa chini ya pazia na kuokota kitu kile kile kilichoandikwa. Mangi akadakia, "Mbona huyu wetu yuko hivyo hivyo? Nikimwonesha daftari la madeni hajaona kitu, mkono tayari umeshika mkate." Duka zima likanigeukia. Hata wateja wa vocha, watu nisiowajua!

Aliyenitia baridi ni mfanyabiashara mmoja wa Paris. Mwaka 1887 alishtukia hawezi kusoma hata neno moja. Kuongea anaongea, kuandika anaandika vizuri tu, ila alichoandika mwenyewe hakisomi. Akaenda kwa daktari wa macho, akidhani anahitaji miwani. Macho hayakuwa na kosa. Alipokufa, daktari Jules Dejerine akaeleza mwaka 1892 kwamba ubongo wake uliharibika huko nyuma upande wa kushoto, herufi zikakosa njia ya kumfikia msomaji.

Kwa hiyo, ndugu yangu, siku ukiamka herufi unaziona lakini hazisomeki, usikimbilie fundi miwani. Inaweza kuwa kiharusi, kimbilia hospitali. Wewe watu wako watashtuka mapema, watakuwahisha. Mimi yakinikuta, hapa mtaani hakuna atakayeona tofauti.