Masimbulizi ya Prospero
Ariel, pepo mpole wa hewani katika The Tempest ya Shakespeare, alibanwa na mchawi ndani ya msonobari miaka 12 mpaka bwana mpya, Prospero, alipomtoa. Wema ulioje! Tangu hapo ni tumwa tumwa: vumisha dhoruba, washa moto mlingotini, imba. Mshahara haukutajwa. Akithubutu kuulizia uhuru aliokwisha kuahidiwa, bwana humsimbulia fadhila ile ile, na kwa kauli yake mwenyewe hufanya hivyo kila mwezi. Akinung'unika tena, atapigiliwa ndani ya mwaloni kwa majira 12 ya baridi. Kifungo kile kile, mti tu ndio mwingine. Siku ya kuachiwa ikafika, lakini kwanza, kifaranga (ndivyo anavyobembelezwa), tuletee upepo mwanana wa kutufikisha Italia.