Mauzauza Kiooni: Uchunguzi Mfupi wa Mchezaji, Fundi na Ndege Iliyotoweka

Mauzauza ya kiooni, kwa maana inayotumika katika insha hii, ni hali ambapo gemu ya kompyuta inaendelea kuchezeka, sauti zinasikika, adui anafyatua risasi kama kawaida yake na alama zinahesabiwa, lakini picha inayoonekana haifanani na kitu chochote alichokusudia mtengenezaji: ukuta unapepesa, anga inageuka zambarau, mhusika anatembea bila uso, au kivuli cha mti kinabaki mahali ambapo mti wenyewe haupo. Hali hii itofautishwe na kuganda, ambako kompyuta huacha kuitikia kabisa, kwa sababu aliyegandiwa na kompyuta anajua la kufanya, yaani kuizima na kuondoka amenuna, ilhali aliyepatwa na mauzauza hubaki njia panda, asijue kama aendelee kushirikiana na watu wasio na nyuso au aanze matengenezo ambayo, kama itakavyoonekana, humalizika aghalabu usiku wa manane huku gemu yenyewe haijachezwa.

Chanzo cha mauzauza hakieleweki bila kukumbuka kwamba ndani ya kompyuta hamna mtu, gari wala mti. Kila kinachoonekana hujengwa kwa pembetatu ndogo ndogo, maelfu kwa mamilioni, zinazopangwa na kadi ya michoro, ambayo ni sehemu ya kompyuta iliyotengwa kwa kazi ya kuchora peke yake. Kisha pembetatu hizo huvishwa teksicha, yaani picha bapa ya ngozi, kitambaa au matofali inayobandikwa juu yake ili macho yadanganyike. Kazi yote hiyo hurudiwa upya kwa kila fremu, yaani kila picha moja kamili, na kwenye kioo cha kawaida kinachojichora mara 60 kwa sekunde, fremu moja haipewi hata milisekunde 17 za kuwa tayari. Pembetatu moja ikikosea kona yake moja tu katika haraka hiyo, mhusika huota begani mkuki mweusi unaonyooka hadi upeo wa macho, naye huendelea na mazungumzo yake bila kuonyesha dalili yoyote ya maumivu.

Aina za mauzauza ni nyingi, lakini iliyo na mvuto zaidi kwa mtafiti ni mgongano wa kina. Kadi huhifadhi, kwa kila pikseli, yaani kila nukta ya kioo, namba inayoeleza umbali wa kitu kutoka kwa mtazamaji, ili kilicho karibu kifunike kilicho mbali. Namba hizo hata hivyo zina kikomo cha usahihi, na kwa jinsi zinavyogawanywa kwa kawaida, nyingi huishia kwenye vitu vya karibu, kiasi kwamba bango lililobandikwa ukutani mwisho wa mtaa hujikuta limepewa umbali uleule wa ukuta. Hapo huzuka mgogoro wa kiwanja kimoja chenye hati mbili: kila upande una karatasi halali, kila upande unang'oa vigingi vya mwenzake, na mpita njia huona bango na ukuta vikinyang'anyana mahali mara kadhaa kwa sekunde, bila baraza la kata la kuvisuluhisha. Kupasuka kwa picha ni jambo jepesi zaidi, kwani hutokea kadi inapoleta fremu mpya kabla kioo hakijamaliza kuchora ya zamani, na mhusika anayekimbia huonekana kiwiliwili kimetangulia na kichwa kinafuata. Dawa yake ni kuilazimisha kadi isubiri zamu ya kioo, na mchezaji akishaitumia huanza kulalamika kwamba amri zake zinachelewa kutekelezwa.

Kuna pia mauzauza ya kiungwana, ambayo mashine huyatoa kwa makusudi ili kukiri upungufu wake. Injini ya Source ya kampuni ya Valve, yaani msingi wa programu uliobeba gemu ya Half-Life 2 ya mwaka 2004, hupaka miraba ya zambarau na nyeusi popote inapokosa teksicha, na inapokosa umbo zima husimamisha angani neno la Kiingereza lenye maana ya kosa, kwa herufi kubwa nyekundu, lisije likapita bila kuonekana. Mashine inayosema wazi kwamba kitu fulani haina, badala ya kubahatisha, inastahili heshima kuliko baadhi ya mafundi watakaotajwa hapa chini.

Isidhaniwe kwamba mauzauza ni balaa la kompyuta za mitumba pekee. Mwezi Novemba 2014 kampuni ya Ubisoft ilitoa Assassin's Creed Unity, gemu inayosimulia Paris ya wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, na baadhi ya walioinunua kwa ajili ya kompyuta walikutana na wahusika ambao ngozi ya uso ilikuwa imetoweka yote, yakabaki macho, meno, fizi na nywele zilizochanwa vizuri, vikielea mahali pake na kuzungumza maneno ya mapenzi. Mji unaokumbukwa katika historia kwa kukata vichwa ulikuwa umepiga hatua na kuanza kukata nyuso peke yake. Kampuni iliomba radhi, ikatoa viraka, yaani mafaili ya kurekebisha programu iliyokwisha kuuzwa, na kabla mwezi haujaisha ikatangaza kwamba nyongeza ya gemu hiyo itatolewa bila malipo.

Mwenendo wa mtu aliyepatwa na mauzauza unastahili uchunguzi kuliko mauzauza yenyewe. Kwanza huzima na kuwasha, hatua inayochekwa bila haki, kwa kuwa Windows yenyewe hufanya jambo la aina hiyo: kadi ikishindwa kuitikia kwa sekunde 2, mfumo huianzisha upya na kumwendea mtumiaji na taarifa kwamba mambo yamerudi sawa. Anayetaka kuharakisha anaweza kubonyeza pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na herufi B, mchanganyiko unaohitaji ama mikono miwili ama kidole cha jirani, na kioo kitapepesa mara moja huku mlio mfupi ukisikika.

Hilo lisipofaa, mchezaji hushusha mipangilio, yaani vipimo vya ubora wa vivuli, maji, nyasi na kadhalika, na kwa kuwa ana haraka huvishusha vyote kwa mkupuo. Mauzauza huondoka, lakini gemu hubaki na sura ya mwaka 1998 na hakuna ajuaye kama mkosaji alikuwa kivuli, maji au nyasi. Ndipo mchezaji anavipandisha vyote kwa mkupuo uleule, mauzauza yanarejea, naye anaitazama kompyuta kwa macho ya mtu aliyesalitiwa. Kanuni ya kubadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, inayofundishwa kwenye maabara za sekondari, inajulikana na wachezaji wote na kwa ushahidi uliopo haifuatwi na yeyote.

Baada ya hapo hutafutwa ushauri, na ushauri kote duniani ni mmoja: sasisha kiendeshi. Kiendeshi ni programu inayotafsiri maagizo ya gemu ili kadi ya aina fulani iyaelewe, na kwa kuwa faili lake hufikia mamia ya megabaiti, kulishusha kwa simu humaliza bando la wiki. Ushauri wenyewe si mbaya, ila una historia. Mwezi Machi 2010 kampuni ya NVIDIA ililazimika kuondoa kiendeshi chake namba 196.75 siku chache tu baada ya kukitoa, kwa sababu kilivuruga uendeshaji wa feni na kuziacha kadi zikipata joto kupita kiasi, na kwa mara adimu katika historia ya teknolojia wavivu wa kusasisha wakatoka salama kuliko wenye bidii. Miezi minne baadaye gemu ya vita ya StarCraft II ilionyesha kwamba joto halihitaji hata vita, kwani ilikuwa ikizichora kurasa zake za menyu bila kikomo cha fremu, na kadi zenye upoozaji hafifu ziliungua, kwa maana isiyo ya mafumbo, wakati mchezaji anasoma orodha ya vitufe. Kampuni ya Blizzard, yenye gemu hiyo, ilishauri watu waongeze mistari miwili kwenye faili la mipangilio ili kadi zipumzike.

Joto ndilo linalomfikisha mchezaji kwa fundi. Kabla ya kuondoka nyumbani hupita mbele ya mama yake, ambaye huuliza, bila kuinua macho kwenye mchele anaopembua, kama hiyo siyo ile kompyuta iliyonunuliwa kwa ajili ya masomo. Dukani mazungumzo huwa mafupi.

"Shikamoo fundi. Gemu inaleta rangi za ajabu."

"Marahaba, mdogo wangu. Hii ni RAM."

Fundi hutoa hukumu hiyo kompyuta ingali ndani ya begi. Asilaumiwe sana, kwa kuwa kompyuta nyingi zinazofika mezani kwake zilizaliwa maofisini na hazina kadi ya michoro ya kujitegemea, bali prosesa inayoazima sehemu ya RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ili ichore, na RAM ikiwa ndogo au mbovu picha nayo huchafuka. Kwa hiyo hukumu huweza kuwa sahihi hata kama uchunguzi haukufanyika. Hata hivyo kipo kipimo kisichogharimu senti ambacho kingepaswa kutangulia, nacho ni kupiga picha ya kioo kwa kutumia kompyuta yenyewe na kuitazama kwenye kifaa kingine: yakionekana mauzauza katika picha hiyo, kosa liko kwenye gemu, kiendeshi au kadi, yasipoonekana, kosa kwa kawaida liko kwenye kioo au waya unaokilisha. Kwa bahati mbaya wengi hupiga picha kwa simu, wakampelekea fundi picha ya mauzauza iliyojaa mwako wa balbu ya sebuleni na uso wa mpigaji, naye hujibu kwamba ni RAM.

Pale ambapo fundi hapatikani, binadamu hujifundisha. Mashine ya gemu ya Xbox 360 ya kampuni ya Microsoft, iliyoanza kuuzwa mwaka 2005, ilipata sifa mbaya ya kuzimika na kuwasha duara la taa nyekundu, hadi Julai 2007 kampuni ikaongeza dhamana ya tatizo hilo kuwa miaka 3 na kutenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa ajili yake. Na katika kungoja, watu wazima wenye akili timamu waliifunika mashine iliyodhurika kwa joto kwa taulo, kusudi ipate joto zaidi, na baadhi yao iliwawakia. Wengine waliweka kadi za michoro kwenye oveni, wakitumaini kwamba viungio vya ndani vilivyopata nyufa vitajishika upya, na zipo kadi zilizofufuka kwa siku au wiki kadhaa kabla ya kufa moja kwa moja. Kuhusu keki zilizookwa baadaye katika oveni hizo, busara ni kutozikaribia.

Lakini kisa kinachopita vyote kwa mafunzo ni cha Skimmer, ndege ndogo ya kutua majini katika GTA San Andreas, gemu iliyofika kwenye kompyuta mwaka 2005 na kukaa katika mashine za vijana wa Afrika Mashariki kwa muda mrefu kuliko programu nyingi za masomo. Baada ya Windows 11 kupata toleo la 24H2 mwishoni mwa mwaka 2024, baadhi ya wachezaji waliona kwamba Skimmer haionekani tena bandarini, na aliyetumia programu ya ziada kumlazimisha mhusika CJ aingie ndani yake alimshuhudia CJ akirushwa juu kwa umbali unaozidi mwaka mmoja wa nuru, yaani zaidi ya kilomita trilioni 9, bila kuaga. Kila dalili ilielekeza lawama kwa Windows, au kwa kiraka kinachotumiwa sana katika gemu hiyo, na malalamiko yakamfikia mwenye kiraka, mrekebishaji wa kujitolea ajulikanaye kwa lakabu ya Silent.

Maelezo aliyoyatoa mwezi Aprili 2025 yanaonyesha kwamba wote wawili walisingiziwa. Vyombo vyote vya usafiri vya gemu hiyo vimeorodheshwa katika faili la maandishi liitwalo vehicles.ide, kila kimoja na mstari wake, na mstari wa Skimmer umekosa vipimo vya magurudumu, kwa sababu katika gemu iliyotangulia, Vice City, chombo hicho kiliandikishwa kama boti, na boti haina magurudumu. Kilipohamishiwa daftari la ndege, hakuna aliyekumbuka kujaza nafasi hizo. Programu ilipofika kwenye mstari huo ilisoma chochote kilichokuwa kimebaki kwenye kumbukumbu ya muda, na kwa karibu miaka 20 kilichobaki kilikuwa kipimo cha 0.7 cha gari dogo la mizigo lililotajwa mstari wa juu yake, ambacho kilitosha. Ndege ya majini iliruka kwa hisani ya matairi ya jirani. Toleo jipya la Windows lilianza kutumia sehemu ileile ya kumbukumbu kwa shughuli zake halali, kipimo cha jirani kikafutwa, na gemu ikasoma mahali pake namba isiyo na kichwa wala miguu.

Ni vigumu kufikiria mchezaji ambaye angegundua hayo kwa kushusha ubora wa vivuli. Walioweka kiraka kipya cha Silent walirudishiwa ndege yao, na wasiotaka kiraka wanaweza kulifungua faili hilo kwa programu yoyote ya kuandikia, wakautafuta mstari wa Skimmer na kujaza vipimo vinavyokosekana mwishoni mwake, kazi ya dakika moja kwa mtu mmoja. Wakiwa wawili huchukua muda zaidi, kwa kuwa mmoja wao atashauri kwamba kwanza wasasishe kiendeshi.