Sifa za Chombo Kisichouliza

Watunzi wamesifu jahazi, karafuu na macho ya wapenzi wao, na wamewasifu hata watawala ambao wengine wao hawakustahili zaidi ya kuitikiwa salamu. Lakini sijamsikia bado aliyeinua kalamu kukisifu chombo kiitwacho Make, ambacho kazi yake ni kuyatazama mafaili ya programu, kuyatambua yaliyobadilika, kuyapitisha kwa kompaila kila moja kwa zamu yake, na kuyaunga yote pamoja mpaka yawe kitu kimoja kinachoweza kuendeshwa na mtu asiyejua lolote juu ya mateso yaliyokizaa. Kunyamaziwa huko si insafu. Na kwa kuwa chombo hicho kimekula sehemu njema ya ujana wangu pasipo kuniomba radhi, naona hapana mwenye haki kunipita ya kusimama hadharani na kukitolea shukrani.

Desturi ya mwenye kusifu ni kuanza na nasaba, na nasaba ya Make ni tukufu. Kilizaliwa mwaka 1976 katika maabara za Bell, jimbo la New Jersey huko Marekani, mikononi mwa Stuart Feldman, na sababu ya kuzaliwa kwake ilikuwa ghadhabu. Mwenziwe, Steve Johnson, mtunzi wa programu ya Yacc, aliingia ofisini mwake akiilaani asubuhi nzima aliyoipoteza kutafuta kosa katika programu isiyokuwa na kosa: kosa lilikwisha kurekebishwa, ila faili lililorekebishwa halikupitishwa upya kwa kompaila, na programu iliyokuwa ikiendeshwa ilikuwa ile ile ya zamani. Feldman, ambaye jioni iliyotangulia alikuwa amepatwa na balaa hilo hilo, aliwaza kwanza mtambo mkubwa wa kuchambua ni faili lipi linategemea lipi, kisha akaupunguza, akaupunguza tena, na mwisho wa juma lile chombo kikasimama kwa miguu yake. Mwaka 2003 jumuiya ya ACM ikamtunukia tuzo kwa kazi hiyo, naye alistahili. Hebu msomaji alishike jambo hili moja: Make ni mwana wa hamu ya kuepuka makosa. Jinsi mwana huyo alivyokuja kuwa mlezi wa makosa ndiyo sehemu tamu ya habari.

Ziko fadhila zake ndogo ambazo nitazipita mbio. Hufundisha macho kuona kisichoonekana, maana kila mstari wa amri lazima uanze kwa kitufe cha Tab, na ukiuanza kwa nafasi nane, ambazo kwenye kioo cha kompyuta zafanana nacho kama pacha na pacha, Make hukujibu kwamba kitenganishi kimekosekana, kisha husimama. Hufundisha pia uaminifu kwa marafiki. Feldman mwenyewe amepata kueleza kwamba kanuni hiyo ya Tab aliiweka alipokuwa angali akijaribu chombo kingine kipya, na alipofikiria kuiondoa alikwisha kuwa na watumiaji wapatao dazeni moja, wengi wao rafiki zake, naye hakupenda kuwasumbua. Kwa heshima ya watu dazeni moja wa New Jersey, umma usiohesabika wa waandishi wa programu, miongoni mwao wengi ambao hawakuwa wamezaliwa, umesumbuka badala yao karibu nusu karne. Huo ndio urafiki.

Lakini fadhila iliyonisukuma kuandika, ambayo mbele yake hizo zote ni vumbi, ni adabu yake. Make ni mtumishi wa kale, wa namna ambayo wenye nyumba kubwa hawaachi kuililia: hulipokea kila agizo kwa kichwa kilichoinama, hamuulizi bwana wake amekusudia nini, na hata akiamriwa amtilie chai mgeni ambaye hajapata kuzaliwa, huiendea birika. Kitajie jina ambalo hukulitangaza popote, nacho hakitathubutu kukuambia kwamba hakilijui, kwani kusema hivyo ni kukufedhehesha mbele ya watu. Kitaweka utupu mahali pa jina lile, na safari itaendelea. Kompaila ya lugha ya Rust haina murua huo hata chembe. Ukikosea herufi moja ya jina hukataa kazi, hukuonyesha mstari, hukuchorea alama chini ya neno lenyewe, na mara nyingine huwa na ujuvi wa kukupendekezea jina ulilolitaka. Make hakijui ujuvi. Ukitangaza jina NYUMBA, kisha kwa haraka ukaliita $NYUMBA bila ya mabano, kitaisoma herufi ya kwanza peke yake, kitaiona N haina thamani, kitaitupa, na kukurudishia YUMBA. Na jengo lako, kwa idhini yako mwenyewe, litayumba.

Adabu hiyo ina shina, nalo ni kwamba Make hakibagui. Katika lugha za kibaguzi namba ni namba, ndiyo ni ndiyo, orodha ni orodha, na anayetaka kujumlisha jina la folda na umri wa nyanya yake hurudishwa mlangoni. Kwa Make kila kitu ni maandishi, na maandishi yote ni ndugu. Kipe orodha yenye 9 na 10 kiipange, kitatanguliza 10, kwa kuwa moja huja kabla ya tisa na kilichobaki si shauri lake. Andika kwamba thamani ya UKAGUZI ni ndiyo, ukaacha nafasi mbili kabla ya maelezo yaliyo mwisho wa mstari, kisha ukakiuliza kama UKAGUZI ni ndiyo: kitakujibu la, maana ndiyo yenye nafasi mbili nyuma yake si ndiyo. Sasa andika waziwazi kwamba UKAGUZI ni hapana, na ukitumie kile kipimo chake kiitwacho ifdef: kitaridhika, kwani kipimo hicho hutazama tu kama jina lina chochote ndani yake, na hapana ni chochote. Nimekutana na wanafalsafa waliotumia umri wao kutafuta mahali ambapo ndiyo hukanushwa na hapana hukubaliwa, nao walikuwa wakitafuta mbali.

Matunda ya adabu hii yakifika mbali huwa makubwa. Iko amri ya rm -rf $(JENGO)/*, ambayo kwa mwenye akili timamu maana yake ni kufuta vilivyomo ndani ya folda la jengo ili kuanza upya. Jina JENGO likikosewa herufi, utupu hushika nafasi yake, na kinachobaki ni agizo la kufuta kila kitu kuanzia shina la diski. Programu ya rm yenyewe, katika toleo lake la GNU, imewekewa kinga ya kukataa kulifuta shina. Lakini ile nyota hufunuliwa na sheli, programu inayopokea amri na kuziendesha, kabla rm haijaona kitu, hivyo rm huletewa matawi yote, moja moja, na shina halitajwi. Sheli, ambayo ni nduguye Make kwa baba na mama, ina adabu ile ile, na Januari 2015 ulimwengu uliipima. Skripti iliyokuwa ikiendesha Steam, duka la michezo ya kompyuta, kwenye mashine za Linux, ilikuwa na amri ya namna hiyo hiyo, na mtu mmoja aliyekuwa amelihamisha folda lake alipoiendesha, jina lilitoka tupu na mafaili yake yote yakafutwa, hata yale ya diski ya akiba aliyokuwa ameichomeka. Kinachonishughulisha mimi si kufutwa kwenyewe. Juu ya mstari ule aliyeuandika alikuwa ameacha maelezo ya neno moja tu, la kusema kwamba unatisha. Alijua. Aliogopa. Akaandika kwamba ameogopa, akahifadhi faili, akaenda zake.

Hapo nakiri kwamba lugha ya sifa hunitoka, na naomba ruhusa niseme kidogo kwa lugha ya kawaida. Katika kampuni moja niliyoifanyia kazi, majaribio ya programu yalikuwa yakiitwa na Make kwa jina la orodha. Siku moja orodha ile ilibadilishwa jina katika faili moja, na katika faili la pili haikubadilishwa. Tangu hapo Make kiliiendea orodha, kikaikuta tupu, kikaendesha majaribio yote yaliyokuwamo, yaani hakuna, na kwa kuwa hakuna lililoshindwa kikarudisha sifuri, ambayo katika dini ya Unix, mfumo ambamo Make kilizaliwa, ni ishara ya ushindi. Taa ya kijani ikawaka ukutani. Wakubwa wakaitaja mikutanoni. Wateja wakapelekewa makosa ambayo jaribio lolote, laiti lingeitwa, lingeyakamata kabla ya chai ya asubuhi. Na tulipokesha kutafuta chanzo, kila tulichokiuliza kilitujibu kwamba mambo ni mazuri. Huu ni upuuzi! Chombo kinachosema mambo ni mazuri pasipo kutazama hakina adabu, kina khiyana, na mtu akinieleza tena habari za usahili wa Unix wakati wa usiku kama ule nitamwomba aketi mahali pangu.

Nimemaliza, narudi kwenye taadhima.

Ni haki kusema kwamba Make, kikiombwa, kinaweza kuuliza. Limo ndani yake tamko --warn-undefined-variables, ambalo humfanya mtumishi huyo afungue kinywa kila anapotajiwa jina asilolijua. Limo pia lengo maalumu, .DELETE_ON_ERROR, ambalo hufuta faili lililoandikwa nusu pale amri inaposhindwa, kwa sababu faili hilo lisipofutwa, wakati wa kuandikwa kwake huwa mpya kuliko wa chanzo chake, na Make kikija mara ya pili hulidhania limekamilika na kulipita. Kitabu rasmi cha GNU Make kinakiri kwamba karibu kila mara hilo ndilo mtu analolitaka, kisha kinaongeza kwamba, maadam si mazoea ya zamani, anayelitaka aliombe mwenyewe. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi na kila mara hunipa raha mpya. Wenye chombo wanajua lililo sawa, wameliandika kitabuni, wamelitengeneza likatengenezeka, na wameliacha limefungwa ili asishtuke mtu aliyezoea lisilo sawa. Wale rafiki dazeni moja wangali hai rohoni.

Basi kumbe mwenye kustahili sifa hizi si chombo. Katika kampuni ile ile, baada ya habari ya taa, kijana mmoja aliliwasha tamko la maonyo. Maonyo yakamiminika, mengine ya haki, mengine ya majina ambayo utupu wao haukumdhuru mtu. Kazi ya kuyachambua ingehitaji siku chache za mtu mwenye subira. Mkuu wa kitengo aliyatazama, akauliza kama jana yalikuwapo, akaambiwa hayakuwapo, akaamua kwamba kwa hiyo yameletwa na kijana, na akaagiza yaondolewe kwa kuwa yanawatia watu hofu na kuchelewesha kazi. Mahali pengine wakati huo, mtu mwingine alikuwa akitia kistari mbele ya amri, ambacho kwa Make maana yake ni kwamba hata ikishindwa tuendelee, na wa tatu alikuwa akiongeza || true mwisho wa mstari, ambayo kwa sheli maana yake ni kwamba hata ikishindwa tuseme imefaulu. Hakuna aliyelazimishwa na mwaka 1976 kufanya hayo.

Wala vyombo vipya havitatuokoa peke yao. Gradle, ambacho waandishi wa programu za Android hukijua vyema, kwa miaka mingi mafaili yake yaliandikwa kwa Groovy, lugha ambamo jina lililokosewa aghalabu hugunduliwa katikati ya safari. Leo yanaweza kuandikwa kwa Kotlin, nayo tangu 2023 ndiyo chaguo la kwanza kwa miradi mipya, na kosa la aina ya thamani huonekana mtu angali anaandika. Ni hatua njema, na walioitengeneza nawapongeza bila kejeli. Lakini nimeyaona kwa macho yangu mafaili ya Kotlin ambamo namba, tarehe na ndiyo vyote vimetangazwa kuwa maandishi, na ambamo kila mahali kompaila ilipouliza kama thamani fulani yaweza kukosekana, imejibiwa kwa alama mbili za mshangao, ambazo ndizo njia ya Kotlin ya kuambiwa inyamaze, bwana anajua anachofanya.

Msomaji mwenye faili la Make mikononi mwake, namwomba leo aandike .DELETE_ON_ERROR: juu ya mstari wa kwanza, na kesho akiite chombo kwa --warn-undefined-variables. Maonyo yakimjaa kiooni, asiniandikie mimi. Ayapige chapa yote, na amwekee mezani yule aliyesema yanachelewesha kazi.